Namna ya kuifanya nyumba ya ukoo kuwa makumbusho ya mtaa: maelezo kutoka Mkomani, Lamu

Wanaoniuliza namna ya kuigeuza nyumba ya wazee kuwa makumbusho huanza na vitu. Tuweke nini ndani? Tununue kabati za kioo? Mimi huwarudisha nyuma: nyumba ni ya nani? Nyumba ya ukoo ina jina la marehemu mmoja na haki za watu wengi, na mrithi mmoja asiyeridhika anatosha kulisimamisha jambo zima.

Nyumba ninayoitunza iko Mkomani, katika mji wa kale wa Lamu, na imetufikia kwa upande wa mama. Nyumba nyingi za mawe za mji huu zilifuata mabinti. Baba alimjengea bintiye nyumba au alimwachia orofa ya kwake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Mara nyingine nyumba ya binti iliunganishwa na ya mamake kwa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia, ili wanawake watembeleane bila kushuka mtaani. Nayasema haya mapema kwa sababu yanaamua mengi. Ukitaka kuijua nyumba ya namna hii, kaa na wanawake waliozaliwa na kuolewa humo. Wanaume wa ukoo watakupa majina na miaka, lakini kazi za vyumba wanazijua wanawake.

Warithi kwanza

Andika majina ya warithi wote, walio hai na waliokufa wakaacha watoto. Kwa Waislamu mafungu yanajulikana, na palipo na shaka iko Mahakama ya Kadhi. Usione haya kwenda kadhi hata kama hakuna ugomvi. Karatasi inayosema nani ana fungu gani ni msingi wa kila kitu kitakachofuata, na ni rahisi kuipata watu wakiwa wanapendana.

Kuna njia tatu ninazoziona zikifaa. Ya kwanza ni warithi kubaki wamiliki na kuafikiana kwa maandishi kwamba nyumba itumike kama makumbusho kwa muda fulani, tuseme miaka kumi, kisha wakutane tena. Ya pili ni kuikodisha kwa chama cha mtaa kilichosajiliwa. Ya tatu ni wakfu. Wakfu ni jambo zito: nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, haitolewi zawadi, wala hairithiwi, na Kenya kuna Tume ya Wakfu inayosimamia mambo hayo kwa sheria. Maoni yangu ni kwamba ukoo uanze na njia ya kwanza. Watu wanaogopa kufunga mlango wa mali wasiyojua itakuwaje. Wakishaona nyumba imetengenezwa, inaheshimiwa na watoto wa shule wanaingia, maneno ya wakfu huja yenyewe kutoka kwa wale wale waliokuwa wakisita.

Wapo jamaa walio Mombasa, wapo walio Oman, na wengine hawajaiona nyumba tangu utotoni. Waitwe wote, kwa simu ikibidi. Walio Muscat wanaelewa haraka, kwa kuwa mji wao una Bait Al Zubair, nyumba ya familia iliyojengwa 1914 na kufunguliwa kwa umma kama makumbusho mwaka 1998. Mfano ulio karibu nao unawatuliza kuliko maelezo marefu ya mtu aliye mbali.

Na kama kuna mtu anayeishi ndani, asihamishwe. Kwetu orofa ya juu anakaa halati, dada yake mama, na wageni hawapandi huko. Kuna kamba mguu wa ngazi na kibao kidogo kinachosema hapo ni kwa watu. Nyumba yenye moto jikoni na mtu wa kufungua madirisha asubuhi hukaa vizuri kuliko iliyofungwa kwa kufuli, na mgeni anayesikia kikohozi cha mwenyeji juu ya dari anajua kwamba mji huu bado unakaliwa.

Isome nyumba kabla hujaigusa

Chukua utepe wa kupimia, daftari na penseli, na mtu mzima aliyekulia humo. Anzeni mlangoni. Kwenye daka, kile kibaraza chenye viti vya mawe mbele ya mlango, muulize ni nani alikuwa akikaa hapo na saa ngapi. Ingieni tekani, mnapogeuka kona kabla ya kuona ndani. Kona hiyo imewekwa makusudi, mpita njia asione watu wa nyumba hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, uwanja ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa. Kutoka hapo mnaingia msana wa tini, halafu msana wa yuu, kumbi mbili ndefu zinazofuatana, halafu ndani, chumba cha mama wa nyumba chenye zidaka, vile vishubaka vya nakshi ukutani, na nyuma yake nyumba kati. Choo kina birika lake la maji, ambamo wazee walifuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu.

Pima kila chumba. Utaona kwamba vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 2.5 hadi 3. Sababu iko juu ya kichwa chako: dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Mti wa mkoko ndio uliopanga nyumba. Ukimweleza mtoto wa darasa la tano jambo hilo, kisha ukampeleka pwani akaone miti inavyopangwa kwa unene, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, hatalisahau.

Andika pia magonjwa ya nyumba. Kila ufa uupige picha karibu na rula, kisha ubandike plasta nyembamba ya jasi juu yake na uandike tarehe. Plasta ikipasuka baada ya miezi, ufa unatembea, na hapo muite fundi au mhandisi kabla ya kuita mgeni yeyote. Ikibaki nzima, huo ni ufa wa zamani uliokwisha tulia. Angalia chini ya boriti kama kuna unga wa mchwa au wa bungo, mdudu atoboaye mbao. Gonga kwa kipini cha kisu: boriti nzima inalia, iliyoliwa inatoa sauti ya kitu kitupu. Boriti huchakaa zaidi mahali zinapoingia ukutani, ambapo macho hayafiki.

Kibali

Mji wa kale wa Lamu uliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hata kabla ya hapo ulikuwa umelindwa kwa sheria ya Kenya. Ukitaka kubomoa ukuta, kuongeza dirisha au kubadili paa, uliza ofisi ya uhifadhi ya mji ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na idara ya ujenzi ya kaunti kabla ya kuleta kokoto. Wengi huwakimbia watu hawa wakidhani ni wakwamishaji. Mimi nawashauri muwaite mapema, wakiwa bado na nafasi ya kukuonyesha, kwa kuwa wanawajua mafundi na wanayo michoro ya nyumba nyingi.

Isome pia Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006. Kwa sheria hiyo kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na mlango au fremu ya mlango yenye nakshi za Kiafrika au za mashariki iliyochongwa kabla ya 1946 ni kitu kinacholindwa. Kwa hiyo yule mtu atakayekuja kwa upole akisema atakununulia mlango wako na kukuwekea mpya, mwambie hapana mara moja, na wajulishe warithi wote kwamba amekuja.

Chokaa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nyumba nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema.

Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni katika tanuu, yakazimwa kwa maji, kisha yakaachwa yalainike. Ukuta wa namna hii unavuta unyevu kutoka ardhini na kutoka hewa ya bahari, na unautoa tena kupitia plasta. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unaingia lakini hautoki. Chumvi inayosafiri na maji inaganda nyuma ya saruji, inasukuma, na baada ya misimu michache plasta yote inaanguka ikiwa imeng'oa na uso wa jiwe. Fundi atakwambia aongeze saruji. Atapata kazi tena baada ya miaka miwili, na ukuta utazidi kuwa mwembamba.

Kwa hiyo palipo na saruji ya zamani iliyolegea, iondolewe kwa patasi ndogo na mkono mwepesi. Iliyoshika sana iachwe mpaka ilegee yenyewe, kuliko kuvunja jiwe. Chokaa ya kuzibia iandaliwe mapema. Izimwe kwenye pipa au shimo, ifunikwe kwa maji, ikae majuma kadhaa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyokuwa laini na kushika. Mawe ya chokaa yaliyochomwa lakini hayajazimwa yakiguswa na maji huchemka kwa nguvu, basi anayezima avae miwani na glovu, na watoto wasiwe karibu. Chokaa ikiingia jichoni, safisha kwa maji mengi mara moja na umkimbize mtu hospitali.

Plasta ipakwe kwa matabaka membamba, ukuta ukiwa umenyunyiziwa maji, na kila tabaka lipewe muda. Chokaa haikauki tu kama udongo, inashika kwa kuvuta hewa, na ikikaushwa haraka inakuwa unga. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta na uyalowanishe asubuhi na jioni. Wakati wa jua kali la kaskazi jambo hili si la hiari.

Paa nalo linataka kazi yake iishe kabla ya masika. Paa la bapa la chokaa halivuji kwa sababu ni bovu, linavuja kwa sababu maji yamekaa. Panda juu mvua ikinyesha, si baada ya mvua, uone maji yanakimbilia wapi. Ondoa majani, zibua mirizabu, jaza vibonde kwa chokaa. Kama nyumba imewekewa makuti juu ya paa la zamani, angalia moto: nyaya za umeme zisipite kwenye makuti, na mitungi ya mchanga na vizima moto viwe mahali panapofikika gizani.

Zidaka ziogope. Nakshi zake zilikatwa kwenye plasta kwa kisu na wachongaji ambao hatunao tena, na kila mara mtu anapopaka chokaa nzito au rangi ya dukani, mistari inazibwa. Nyingi nilizoziona mtaani zimelala chini ya matabaka ya rangi mpaka ua limekuwa nundu. Safisha kwa brashi laini ya nywele, kavu, bila maji na bila sabuni. Usipige msumari popote karibu nazo. Kwa kweli usipige msumari katika ukuta wowote wa zamani: picha na vibao vitundikwe kwa kamba kutoka kwenye boriti, au visimame juu ya miguu ya mbao. Nyaya za taa zipite nje ya ukuta, zionekane, kuliko kuchimbiwa mifereji. Waya unaoonekana unaondolewa siku yoyote, lakini mfereji uliochimbwa kwenye plasta ya karne ya 18 haurudi.

Nyumba yako inajua nini ambacho nyingine hazijui

Lamu tayari kuna makumbusho. Kwenye jumba la mbele ya bahari wanakaa na siwa, zile baragumu kubwa za heshima, ile ya pembe ya ndovu kutoka Pate na ile ya shaba ya Lamu. Ngome, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1810 baada ya vita vya Shela, ilikuwa gereza mpaka 1984, na sasa ni ya umma. Iko nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyopangwa na vyombo vyake. Iko posta ya Wajerumani, iliyofunguliwa 1888 na kufungwa 1891, ambayo inakumbusha muda ambao wengi hawajui kwamba ulipita hapa. Zitembelee zote na daftari mkononi. Kisha jiulize nyumba yako ina nini ambacho hakimo kule.

Ya kwetu ilikuwa na chuo cha wasichana. Mama wa bibi alifundisha Kurani kwenye msana wa tini, na mabinti wa mtaa walikuwa wakija na mbao zao za kuandikia. Vitu vyenyewe ni vichache: marufaa mbili za kuwekea msahafu, mbao zilizosafishwa na kuandikwa upya mpaka zimeng'aa, kalamu za mwanzi, kidau cha wino uliotengenezwa kwa masizi. Hakuna kimoja ambacho mfanyabiashara wa vitu vya kale angekilipia pesa ya maana. Lakini bado wapo mjini kina bibi waliokaa kwenye jamvi lile, na wakiingia wanakwenda moja kwa moja kwenye pembe waliyokuwa wakikaa. Basi msana wote tuliuacha kwa ajili ya chuo, na vyombo vya kaure, kasha la njumu na kiti cha enzi, ambavyo kila mtu alitarajia viwe mbele, vilikwenda chumba cha ndani. Nyumba ya mtu mwingine inaweza kuwa ya nahodha, ya fundi wa nakshi, ya mkunga, ya mfuma kofia za vito, zile zenye vitundu vya nakshi. Tafuta jambo moja na ulipe chumba kizima.

Kuwauliza wazee

Usiwaulize miaka. Ukimuuliza mzee nyumba ilijengwa lini, atakupa jibu la kukuridhisha, na wewe utaliandika ukutani kama kweli. Muulize chumba kwa chumba, mkiwa mmesimama humo. Mlilala wapi? Maji yalitoka wapi, nani aliyachota? Bibi harusi aliwekwa wapi, na mlango upi ulifungwa? Mgonjwa alilazwa upande gani? Maiti alioshewa wapi? Kwa swali hilo la mwisho utapelekwa nyumba kati, na sauti itashuka, na hapo kaa kimya uache mtu aseme kadiri anavyotaka.

Rekodi kwa simu, iliyowekwa juu ya kitambaa ili isichukue mtikisiko wa meza. Feni izimwe. Mwanzoni mzee aseme jina lake na aseme kwamba ameridhia, na aseme pia yapi yasitolewe nje ya ukoo. Nakala ziwe tatu, mahali patatu tofauti, na moja nje ya kisiwa. Halafu keti uandike kila neno kama lilivyosemwa, kwa Kiamu chake, lahaja yetu ya Lamu, usilisafishe liwe la kitabuni.

Liko swali ambalo koo nyingi hulikwepa, na mimi nasema makumbusho yasiyoliuliza hayastahili jina hilo. Nyumba hizi za mawe zilijengwa na kuendeshwa pia kwa kazi ya watumwa. Hadhi ya utumwa kisheria ilikomeshwa pwani ya Kenya mwaka 1907, karibu kiasi kwamba mabibi zetu waliwajua watu waliozaliwa ndani ya hali hiyo. Nani alibeba maji kutoka kisimani? Nani alisimama nyuma ya shiraa, lile hema la nguo walilotembea ndani yake wanawake wa kiungwana, akiinyanyua miti yake? Ni nani aliyelala sehemu za chini karibu na ghala? Majina yao tafuta kwa bidii ile ile unayotafuta ya babu zako. Ukiyapata, yaandike kwa herufi za ukubwa ule ule. Usipoyapata, andika kazi zao, chumba kwa chumba. Wazao wao ni majirani, na wana haki ya kuingia na kujiona. Kabla ya kuandika kibao chochote cha jambo hili, wasomee wao kwanza.

Daftari la mapokezi

Kila kitu kinachoingia kiandikwe siku hiyo hiyo, katika daftari lenye kurasa zilizoshonwa, kwa kalamu isiyofutika. Namba iwe mwaka na mfuatano: 2019.1, 2019.2, na kuendelea. Kando yake: ni kitu gani, kipimo, kimetengenezwa kwa nini, hali yake, nani ameleta, na maneno aliyosema alipoleta. Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye thamani. Chetezo bila maelezo ni udongo uliochomwa. Chetezo ambacho fulani alifukizia nguo za arusi za dadake, na akasema walichanganya udi na nini, hicho ni historia.

Lazima iwe wazi kama kitu kimetolewa moja kwa moja au kimeazimwa. Tayarisha karatasi mbili tofauti, na mwenye kitu atie saini mbele ya shahidi. Cha kuazima kiwe na tarehe ya kurudi. Ugomvi mwingi wa makumbusho madogo unatoka hapa, mtoto wa marehemu akidai mrashi wa mamake uliokuja bila karatasi. Na usipokee kitu kisichojulikana kilikotoka, hata kikiwa kizuri namna gani.

Namba ya kwenye nguo iandikwe kwenye utepe wa pamba na kushonwa kwa nyuzi mbili nyepesi. Ya kwenye karatasi na kitabu iandikwe kwa penseli laini. Mbao, shaba na kaure vifungiwe kadi kwa uzi. Usibandike selotepu kwenye chochote.

Hewa ya Lamu ina chumvi na maji, na wadudu hawalali. Miswada na nguo ziwekwe mbali na jua na mbali na ukuta wa nje, zikiwa zimefungwa kwa bafta, kitambaa chepesi cha pamba, iliyofuliwa bila blichi, na zikunjuliwe zipumue mara kwa mara. Kanga na leso zisikunjwe pale pale kila siku, zizungushiwe kwenye bomba lililofunikwa kitambaa. Kitu cha mbao au nguo kilicho na wadudu kiingize kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga sana, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa majuma mawili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo umande utakaa juu ya kitu chenyewe. Friza iwe ya kazi hiyo tu, isichangiwe na samaki. Vitu vilivyopakwa rangi na vyenye gundi, kama kiti chenye pembe zilizopachikwa, visiingizwe humo bila kumuuliza mtaalamu. Shaba usiisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyofanya jikoni, kwani kila unapoisugua unaondoa kidogo cha nakshi.

Vibao na wageni

Kiswahili kitangulie, na kiwe kikubwa. Lugha za wageni zifuate chini. Kibao kimoja maneno hamsini, yasizidi sana. Jina la chumba liwe lile la watu wa nyumba, msana wa yuu, nyumba kati, na maelezo yamwambie mtu nini kilifanyika hapo, si urefu wa ukuta anaouona mwenyewe.

Kabla ya kufungua, muulize fundi ni watu wangapi orofa ya juu inaweza kubeba kwa pamoja, na uishike idadi hiyo hata wakati wa Maulidi mji unapojaa. Ngazi zetu ni za mwinuko mkali. Weka kamba nene ya kushika, na taa kila pinduko. Viatu vibaki tekani, ambako kuna benchi na mkeka. Picha za vitu ruhusa, picha za watu wa nyumba mpaka waulizwe. Ijumaa tunafunga kabla ya sala na hatufungui tena mpaka alasiri. Ramadhani tunafungua asubuhi tu.

Kuhusu pesa, weka kiingilio cha aina mbili, cha wakazi kiwe kidogo kabisa na wanafunzi waingie bure. Hesabu ibandikwe mlangoni kila mwezi ili warithi na majirani waione bila kuomba. Fungu la kwanza la kila kinachoingia liwe la paa, la pili la mshahara wa mtunzaji. Usianze kulipa warithi chochote mpaka paa limepita masika mawili bila kuvuja.

Kwa watoto nunua sokoni vyombo vipya vya kushikwa: mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, uteo, kinu kidogo na mchi wake, ubao mmoja wa kuandikia na kalamu ya mwanzi. Viwekwe kiwandani penye mwanga, na awepo mtu wa kuwaonyesha. Nazi zinunuliwe asubuhi ya siku wanayokuja, na tui litakalopatikana liende jikoni kwa halati.